Hesabu ya Viota Katikati ya Athi

"Arobaini na moja."

"Arobaini na tatu, Mama Wangechi. Mimi si kipofu."

"Umehesabu na vya mwaka jana. Vile vya kahawia vimelegea, havina ndege ndani."

"Vya mwaka jana navijua! Ni wewe umekataa kuzunguka mti upande ule kwa sababu ya matope."

Ngendo, ambaye ndiye Mama Wangechi, alifunga daftari kwa kishindo. Hakuwa mtu wa kubembeleza ubishi. Alikuwa na diploma ya kilimo, kitalu cha miche pale Gitothua, na daftari ambalo kwa miaka minne lilikuwa limemeza kila kitu alichokiona kando ya mto huu: mgunga ulichanua lini, korongo weupe walifika lini, viboko walitokea wapi kula nyasi, kwera walianza kusuka viota juma gani la Aprili. Tausi, jirani yake ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Irshad, alianza kufuatana naye mwaka wa pili. Mwanzoni alikuja kunyoosha miguu. Siku hizi alikuja kubishana.

Sheria ya kuhesabu viota aliitunga Ngendo mwenyewe. Kila mmoja anahesabu kivyake, kimya. Hesabu zikitofautiana, wanarudia tangu mwanzo. Leo walikuwa wamesharudia mara mbili.

"Haya, tunaanza tena," alisema Ngendo, akageuka kutafuta mahali pazuri pa kusimama.

Ndipo akaona kwamba mawe hayapo.

Walikuwa wamevuka saa saba kwa mawe makavu hadi kwenye kisiwa hiki kidogo chenye mgunga mmoja mkubwa, katikati ya Mto Athi, nje ya Thika, mlima Kilimambogo ukiwatazama. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Pale palipokuwa na mawe palipita maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo, chupa za plastiki na mgomba mzima uliong'oka na mizizi yake. Juu yao jua liliwaka kama kawaida. Lakini huko juu Kiambu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yake yalikuwa yamefika.

"Ngai, Mungu wangu," alisema Ngendo polepole.

Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameiandika dalili hiyo kwa mkono wake, mwaka juzi: maji yakibadilika rangi, una nusu saa. Nusu saa hiyo waliitumia kubishania viota viwili.

Ng'ambo, upande wa nyumbani, mchunga mbuzi aliyeitwa Mugo alipunga mikono. "Kaeni hapo hapo! Naenda kuita watu na kamba!" Akakimbia, mbuzi wakabaki wanamshangaa.

"Umesikia? Tungoje," alisema Tausi, akarudi nyuma kutoka ukingoni. Mguu wake wa kushoto ukazama kwenye matope, akapiga kelele. Kipande cha chupa kilikuwa kimempasua chini ya kisigino. Ngendo alimkalisha, akauosha mguu kwa maji yao ya kunywa, akaukaza kwa kitambaa alichojifunga kichwani.

"Bakisha maji ya kunywa," alisema Tausi huku ameuma meno.

"Kiu haitakuua leo. Unaweza kukanyaga?"

"Naweza. Lakini siendi popote. Mimi sijui kuogelea, Mama Wangechi."

"Hata mimi sijui. Angalia huu mti."

Siafu walikuwa wanapanda shina kwa mstari mnene, wamebeba mayai yao. Juu yao, usawa wa bega la mtu mzima, takataka za mafuriko ya zamani zilikuwa zimekauka kwenye gome: nyasi, matambara, kandambili ya mtoto.

"Nilipima hapo Mei mwaka juzi," alisema Ngendo. "Maji yalifika pale. Huyo Mugo atatembea saa nzima kabla ya kupata mtu mwenye kamba. Akirudi, kisiwa hakipo."

"Basi tupande juu."

"Na siafu? Na huo mguu? Giza likiingia utalala kwenye miiba?"

Tausi aliutazama mguu wake uliofungwa.

Ngendo alifungua daftari, akapekua haraka hadi Februari. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa mwembamba, na alikuwa amechora kila jiwe. Hapo ulikuwepo: upande wa pili wa kisiwa, kuelekea Kilimambogo, mwamba bapa uliotoka hapa hadi ng'ambo. Hatua kumi na tisa, upana wa meza ya kulia. Pembeni alikuwa ameandika: *kulastara huvua samaki hapa kila mara.*

Walienda hadi upande ule, Tausi akichechemea. Maji yalikuwa yameufunika mwamba, yote ni kahawia mamoja. Lakini katikati ya mkondo, mita saba hivi kutoka walipo, kulastara wa kijivu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ametulia kama mwenye nyumba.

"Yule ndege hasimami hewani," alisema Ngendo. "Maji hayajamfika hata goti. Toa leso yako."

Tausi aliifungua leso aliyojifunga kiunoni. Ngendo akaipindapinda ikawa kamba, ncha moja akaifunga kiunoni mwake, nyingine kiunoni mwa Tausi. Daftari akalitia kwenye mfuko wa plastiki na kulisukuma ndani ya blauzi. Kisha akachukua ule mti mrefu wenye kioo nchani waliotumia kuchungulia ndani ya viota, akakivunja kioo kwenye jiwe.

"Kioo changu cha bafuni hicho!"

"Nitakununulia kingine. Kanyaga ninapokanyaga. Kushoto kwako kuna kina, na kwenye kina kuna viboko."

"Hilo la viboko ungeninyamazia tu."

Wakaingia. Maji yalikuwa baridi kuliko Ngendo alivyotarajia, yakamshika mashavu ya miguu na kuyavuta. Alipima kwa mti, akasogeza mguu, akapima tena. Nne. Tano. Kulastara aliwatazama kwa dharau, akaruka. Tisa. Gogo likaja likizunguka. Ngendo aliligonga kwa mti, likapita nyuma ya Tausi na kumkwaruza paja.

"Songa!"

"Nasonga, wallahi, nasonga!"

Hatua ya kumi na nne maji yalifika mapajani. Kushoto, kwenye dimbwi lililotulia, masikio mawili yakachomoza, yakafuatwa na pua zilizopuliza maji. Kiboko aliwatazama. Ngendo hakusimama. Alijua kutoka kwenye daftari kwamba njia ya viboko ya kutokea majini ilikuwa kushoto kwa mwamba, kwa hiyo akaegemea kuume, juu ya mkondo. Mguu uliokatwa ukateleza, Tausi akaanguka hadi kifuani, leso ikakaza kama waya. Ngendo alichomeka mti kwenye ufa, akavuta kwa mikono, kwa tumbo, kwa hasira zote alizokuwa nazo na nafsi yake. Tausi akapiga magoti, akasimama.

Kumi na tisa. Nyasi. Wakajitupa ukingoni, wakatapika maji na kucheka bila kujua wanacheka nini.

Walipopata pumzi, kisiwa kilikuwa kimekwisha. Ulibaki mgunga peke yake, umesimama ndani ya maji, kwera wa manjano wakiingia na kutoka kana kwamba hakuna lililotokea.

Ngendo alitoa daftari. Kurasa za pembeni zilikuwa zimelowa, wino haukuwa umetoka. Alifungua ukurasa wa kwanza, penye sheria yake, akaifuta kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: *Mmoja anahesabu. Mwingine anaangalia maji.* Kisha akampa Tausi daftari na kalamu.

"Hesabu. Utakachohesabu ndicho kitakachoandikwa. Halafu tukavuke kwenye daraja, ukashonwe huo mguu hospitalini."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Ngendo akaupa mgunga kisogo, akaukazia macho mto unakotoka.

"Moja," Tausi akaanza. "Mbili. Tatu."