Mlango Unaotazama Barabara

Wewe uliyepita Ujiji, ukaona kibao cha "Masaji ya Kithai", ukageuza shingo kama aliyeona uchi wa mkwe, wewe ndiye ninayekusema. Mtaa huuhuu ulimzomea mwanamke wa kwanza kuendesha bodaboda. Leo mnampigia simu awawahishe hospitali! Mmesahau? Wenzenu hawajasahau.

Honorata, mwenye kibao hicho, alikutana na Isaka sokoni Kibirizi. Honorata alikuwa akichagua mikeka, gauni lake la njano likipepea kwa upepo wa ziwa, wachuuzi wa samaki wa migebuka wakipiga kelele kila upande. Isaka, nahodha wa boti iendayo kijiji cha Mwamgongo, alishusha dumu la mawese, akabaki ameinama palepale.

"Pole, kaka. Huo siyo mgongo, ni nyonga imekaza."

"Umejuaje, dada?"

"Unatembea kama bata."

Isaka akacheka huku ameshika kiuno, akaomba namba.

Tangu hapo simu hazikupoa. Kesho yake ikawa "Hono", keshokutwa "mpenzi", kisha ikaja miadi ya Jumamosi.

"Nijiandae vipi, mpenzi?"

"Oga. Kula kidogo, siyo sinia zima la ugali. Vaa suruali pana. Kwangu havuliwi mtu nguo. Unalala mkekani, nakuvuta, nakukunja, nakunyoosha."

"Nije na mafuta? Nina mawese safi."

"Mimi nataka kukunyoosha, wewe unataka nikukaange?"

Honorata alifua foronya, akasugua sakafu, akatandika mkeka mpya, akautandua, akautandika tena. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana wa shule.

Ijumaa jioni simu ikaita.

"Hono, kwako kuna mlango wa uani?"

"Wa nini?"

"Jamaa wamenicheka bandarini. Unajua wanavyosema kuhusu masaji..."

"Wanasemaje? Sema wewe."

Isaka akaanza kuuliza habari za mvua.

"Isaka, mlango wangu ni mmoja, nao unatazama barabara. Anayenitaka kwa kificho hanitaki."

Akakata simu, akaukunja mkeka.

Jumamosi, barabara ikiwa imefurika watu, vicheko vikalipuka nje. Honorata akachungulia. Isaka huyo, katikati ya barabara, ndani ya suruali ya kitenge ambamo wangeenea watu wawili, akitembea kibata vilevile! Kando yake mama yake, Bi Yunisi, kichwa juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kakata kitenge changu cha kanisani ashone suruali. Eti kwako havuliwi mtu nguo?"

"Kweli, mama."

"Basi naanza mimi, goti linanitesa. Na mlango uache wazi, wenye macho waone."

Isaka akawageukia waliokuwa wakicheka. "Nimekuja kwa mchumba wangu!"

"Uchumba nimekubali lini?" Honorata akamdaka.

"Kubali sasa, basi. Jana niliwaogopa hawa. Leo nakuomba mbele yao."

Machozi yakamlenga Honorata, kicheko kikayawahi. "Nimekubali. Ila mawese yabaki nyumbani!"

Barabara ikapiga vigelegele. Na wewe ulikuwepo, umeegemea nguzo, unajikuna shingo iliyokaza. Unasubiri giza? Vuka barabara sasa hivi, msalimie kwa jina lake, vua viatu, uingie kwa mlango huohuo!