Asali Niliyoificha Kiunoni

“Nani ana kitu kitamu? Sukari, soda, chochote! Haraka!”

Mama Festo alikuwa ameketi katikati ya barabara ya Kwihara. Jasho la baridi lilimtiririka, na macho yalimzunguka kama ya mtu aliyepotea nyumbani kwake mwenyewe.

Ndani ya mkoba niliojifunga kiunoni mlikuwa na kichupa cha asali na matobolwa manne.

Nami nikajibu...

“Hakuna, dada nesi. Sisi hatubebi chakula.”

Ndugu zangu, nisomeni hadi mwisho kabla hamjanitukana. Baada ya hapo, ruksa.

Naitwa Agnetha, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu hapa Tabora. Miezi mitatu iliyopita nilianzisha kikundi cha mbio cha akina mama wa kwaya yetu ya Mtendeni. Wananiita Kochi. Niliamini kwa dhati kwamba mwanamke anayeutunza mwili wake huitunza familia nzima.

Bado naamini. Kosa langu lilikuwa jingine.

Tulipopunguza chakula ili tupunguze uzito, nguvu za kukimbia zikatuishia. Wenzangu wakahema. Mimi, wapi!

“Kochi, mbona wewe hukati pumzi?” Consolatha aliniuliza. “Unakula nini, mwenzetu?”

“Maji ya limau tu, mama zangu. Na nia.”

Uongo!

Kila alfajiri nilitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo bibi hunitumia kutoka Nzega. Nilivichovya kwenye asali, kisha ndipo nikakimbia. Lakini kwenye ukurasa wangu nilikuwa nimeandika: “Tumbo tupu, nia thabiti.” Watu elfu mbili walipenda. Ningewaambiaje kwamba nguvu zangu zinatoka ghalani kwa bibi?

Mama Festo aliyaandika maneno yangu kwenye kijidaftari. Daktari alikuwa amemwambia apunguze uzito ili ayaokoe magoti yake.

“Kochi akisema, mimi natii,” alikuwa akisema.

Sasa alikuwa chini, na Advera, nesi aliyekuwa akipita na baiskeli kwenda zamu, alikuwa amemshika mkono.

“Mna uhakika hamna kitu? Sukari imemshuka huyu! Bado anaweza kumeza, lakini tukichelewa...”

Tulikuwa kumi na mmoja tuliomzunguka. Sote tukaangalia viatu vyetu.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza ukurasa wangu!

Ndipo Mama Festo akaninong’oneza:

“Kochi... usinikasirikie. Jana jioni nililamba kijiko cha uji. Labda ndicho kilichoniharibia.”

Nikafungua mkoba.

“Heee! Kochi!” Consolatha alipiga makofi. “Kumbe unatupiga kamba! Asali, na matobolwa juu! Tumbo tupu la wapi hilo?”

Nilimkabidhi nesi kichupa. Alimlambisha Mama Festo asali taratibu, bila kunitazama. Afadhali angenizaba kofi.

“Anahitaji na cha kutafuna,” akasema. “Haya matobolwa ni makavu mno. Hakuna kilaini?”

Josepha akageuka pembeni, akatoa nusu ya chapati kifuani.

Kabula akatoa ndizi mbivu.

Mwingine andazi. Mwingine karanga. Mmoja baada ya mwingine, vyote juu ya kanga iliyotandikwa chini, hadi akabaki Consolatha.

“Msiniangalie hivyo!” akafoka, huku akichomoa pakiti ya glukosi ndani ya soksi.

“Na ulivyonisema!” nikamwambia.

“Wewe ndiwe Kochi. Mimi mwanafunzi, kudesa kwenye mtihani ruksa.”

Hakuna aliyecheka.

Kumi na mmoja tulikuwa tunakula, kila mmoja akimwonea aibu mwenzake. Aliyekaa na njaa alikuwa mmoja tu: yule aliyeniamini.

Mama Festo alivitazama vile vyakula juu ya kanga, kisha akatutazama sisi.

“Kumbe...” akasema polepole. “Na mimi nilidhani ndimi mdhaifu peke yangu.”

Hakukasirika. Ndilo lililoniumiza zaidi.

Tulimpeleka zahanati, wakampumzisha hadi adhuhuri. Waliniambia nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo: anayepunguza uzito hupunguza kiasi, hafuti mlo, na anayekimbia hutia kidogo tumboni kwanza. Kumbe nilichokuwa nakifanya kwa siri ndicho kilichokuwa sahihi! Nilikionea haya kilicho kweli, nikajivunia uongo.

Nilipomsindikiza nyumbani, Mama Festo alitoa kijidaftari chake.

“Haya, Kochi. Jumamosi kabla ya mbio nile nini, na kiasi gani?”

Bado aliniuliza mimi!

“Sijui, mama,” nikasema, machozi yakinilenga. “Twende wote tukamuulize nesi.”

Lile andiko nimelifuta, na hili nimeliweka mahali pake. Ewe unayewaongoza wengine, kumbuka: uongo wa mwalimu hauwaangushi wajanja. Humwangusha anayetii.