Injini Iliyouzwa Kabla ya Kilio Kuisha

Kilio cha Baudouin kilikuwa kinamalizwa kesho yake. Jioni ile Dodo, mdogo wa marehemu, alifika uani kwa shemeji yake Godelieve, pale Kolwezi, kusogeza gari ili wageni wapate pa kukaa. Kazi ndogo tu. Gari ilikuwa ya Baudouin, fundi aliyeifungia injini turbo kwa mikono yake, mpaka mtaa mzima ukaijua kwa mluzi wake.

Sasa sikia ujanja wa mtu! Kwao, vitu vya marehemu havigawanywi kilio hakijaisha. Godelieve alikuwa amemwambia wazi tangu mwanzo:

« Dodo, gari ya yaya yako Baudouin, hakuna mutu wa kuiuzisha mbele ya kilio kuisha. »

« Gari sitaigusa, mama. »

Na kweli, hakuigusa. Aliuza injini peke yake! Mchana ule, Godelieve akiwa sokoni kununua unga, mnunuzi, Mathieu wa Fungurume, aliipakia kwenye kamio, lori lake. Boneti ikafungwa, gari ikabaki imesimama pale pale. Dodo alidhani anamdanganya mjane tu.

Dodo akaingia kuachia breki ya mkono, ili aisukume. Mlango ukajifunga.

Akavuta kitasa. Akavuta tena, akasukuma kwa bega. Wapi! Ndani kukaanza kunuka sabuni, ile waliyomwogeshea Baudouin mochari.

Mara, mbele, chini ya boneti tupu...

Fiiiiii...

Mluzi wa turbo.

Simu ikalia mfukoni. Mathieu.

« Tata Dodo, » alinong'ona, « moteur uliyoniuzisha inawaka yenyewe. Iko mu kamio, hakuna mafuta, hakuna batri. Na... kuko mutu ndani. Anagonga, anaita. »

« Rudisha, Mathieu! Rudisha sasa hivi! »

Mathieu akamkatiza.

« Tata... ile sauti inayoita, njo sauti yako. »

Dodo akapiga kioo kwa kiwiko, akamwita shemeji yake kwa nguvu zote. Godelieve akatoka na tochi. Mungu asifiwe! Akafungua mlango bila shida, akamulika viti vya mbele, akamulika nyuma. Mwanga ulimpita Dodo usoni, asimwone. Dodo akanyoosha mkono amshike kitenge, mkono ukagota kwenye chuma kisichoonekana.

« Dodo? » Godelieve aliita, akitazama uani. « Yesu wangu. Mutu ameniita. »

Akajifanyia ishara ya msalaba, akaufunga mlango.

Simu ilikuwa bado hewani.

« Mathieu, uko wapi? »

« Ku daraja ya Lualaba. Unisamehe, tata, niko na batoto. Bulozi hii siiwezi. Mi naitupa mu maji. »

« Usitupe! Ni mimi! Niko ndani! »

Minyororo ikasikika ikifunguliwa. Wanaume wakahimizana kusukuma. Moja... mbili...

Simu ikakatika.

Dodo akabaki ameshika usukani, analia kama mtoto. Nje, Godelieve alikuwa anapanga viti vya wageni.

Kisha miguu yake ikahisi baridi. Akainama kupapasa sakafu.

Maji yalikuwa yamefika magotini, na yalikuwa yanapanda.