Kura ya Kumuua Bwana Barafu

"Rudia hapo alipoteleza," fundi alisema, akipangusa machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. "Taratibu. Usiruke hata neno."

Kipara, mwenzake wa karakana ya majokofu, akasogeza simu karibu na macho na kusoma upya. Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku ambayo Profesa Radi huwatupia wasomaji wake sehemu mpya ya Mizimu ya Sayari ya Tisa, na hakuna jokofu lililoguswa pale mpaka isomwe yote. Profesa alikuwa anapika kila kitu chungu kimoja: majini, roketi, wapelelezi, mahaba, na maiti wanaodai haki zao mahakamani. Watu elfu arobaini kwenye kundi lake la mtandaoni walikuwa hawaambiliki juu yake. Fundi alikuwa mmoja wao, tena wa kupitiliza. Hata mchumba wake alimpata humo humo, wakibishana wiki nzima kama mpelelezi jini amekufa au amejificha. Harusi yao ilibakiza wiki tatu.

Wiki iliyotangulia Profesa aliwaomba wasomaji wapige kura: Bwana Barafu, yule mtengeneza majokofu mjinga wa kwenye meli ya angani, aishi au afe? Fundi alipiga kura afe. Akaandika na maoni, "Akafie mbali, anatuchelewesha," na watu mia nane wakamuunga mkono.

Sasa Bwana Barafu alikuwa anakufa kweli, na kabla ya kukata roho alikuwa anakumbuka maisha yake. Kipara akaendelea kusoma:

"Chumba cha maiti cha meli kiliharibika, wakamwita Barafu akitengeneze. Ndani akamkuta mama yake, aliyefariki asubuhi ile. Hakulia. Alifungua mashine, akawa anamsimulia mama vichekesho, kimoja baada ya kingine, mpaka mota ilipokubali kuwaka. Kisha akamuuliza: Mama, baridi imetosha?"

Kipara akaangua kicheko. "Huyu fala ataniua. Anamuuliza maiti kama baridi imetosha."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo acheke naye, lakini kicheko hakikutoka. Maneno yale aliyasema yeye, miaka minne iliyopita, ndani ya chumba cha maiti cha hospitali, akiwa na bisibisi mkononi. Walikuwa wawili tu mle, yeye na mama yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na yeye alikuwa amewachochea watu mia nane waurushe. Siri ile alimwambia mtu mmoja tu duniani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe alikuwa anaioa baada ya wiki tatu.

Akatoka nje, akampigia mchumba wake simu.

"Nani amempa Profesa habari za mama yangu?"

Sauti ndogo ikasema, "Nilitaka nikwambie baada ya harusi."

Mchana ule ule mchumba alifika karakana, bado amevaa koti jeupe la duka la miwani alikokuwa anapima watu macho. Kipara alipowaona nyuso zao akakumbuka ghafla kwamba ana mteja mtaa wa pili. Mchumba akaeleza yote akiwa amesimama. Miezi mitano nyuma alimwandikia Profesa kumsifu, Profesa akajibu, tena akataka kujua habari za maisha ya kweli. Naye akampa.

"Umelala naye?"

"Sijawahi hata kumwona, haki ya Mungu. Ni simu tu."

"Afadhali ungelala naye."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Mwili ni wako. Mama ni wangu."

Mchumba akalia. "Mtu anayengojwa na watu elfu arobaini, ananiuliza mimi: halafu ikawaje, halafu ikawaje? Nikajiona mtu. Wewe ungeulizwa na Profesa, ungenyamaza?"

Swali hilo lilimchoma, maana alijijua.

"Ningempa siri zangu," alisema mwishowe. "Zako nisingempa."

Siku tatu fundi hakulala, akala kidogo, na jokofu moja akalifunga akiwa amesahau koleo ndani. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alhamisi akaenda kwa mama mkwe, ambaye aliwaachia sebule bila kuulizwa. Mchumba akajitoa kwenye kundi na kuifuta namba ya Profesa mbele ya macho yake, akaapa kwamba yamekwisha.

Fundi akamshika mikono. "Mimi sina maneno mengi," alisema. "Nakupenda kuliko ninavyokuogopa, na sasa nakuogopa sana. Tuoane hivyo hivyo."

Mchumba akamlalia begani na kulia mpaka shati likalowa.

Jumapili iliyofuata fundi alikuwa ameshajitoa kwenye kundi naye. Alimkuta Kipara ameinamia simu, macho mekundu.

"Kaka, Bwana Barafu kafufuka," Kipara alisema. "Yule fala kaniliza. Hebu ona anachomwambia binti wa mizimu."

Fundi akaipokea simu. Binti wa mizimu amepiga magoti, na Bwana Barafu anamwambia: Nakupenda kuliko ninavyokuogopa, na sasa nakuogopa sana. Tuoane hivyo hivyo.

Chini yake wasomaji walikuwa wanamwaga mapenzi. Mmoja aliuliza wanaume wa aina hii wanapatikana wapi. Fundi alikuwa bado anasoma, simu yake mwenyewe ilipoita.

"Alinitafuta kwa namba nyingine," mchumba alisema haraka. "Alisema alikosea kukuua, anataka kukurudishia heshima yako. Na angalia, mpenzi, wote wanakupenda sasa."

Fundi akamrudishia Kipara simu yake.

"Niambie kitu. Hata unitukane."

Alikuwa na la kumwambia. Alikuwa na matusi, alikuwa na kilio, na bado alikuwa na neno moja la mapenzi lililokataa kufa. Akayapima yote kwenye ulimi, na kila alilolishika aliliona limeshaandikwa, Kipara analisoma, watu elfu arobaini wanangoja yajayo.

"Harusi ipo?" mchumba aliuliza. "Sema basi."

Fundi akakata simu. Tangu siku hiyo hakumwambia neno tena.