Mikono ya Kwenye Simu

Soko la asubuhi halina subira, na mpishi alikuwa na mfuko wa vitunguu begani alipokuta njia imezibwa na kijana mwenye shati la bluu lililonyooshwa hadi kola. Amechuchumaa, anapiga picha fungu la nyanya.

"Kaka, nyanya zinanunuliwa. Hazipigwi picha."

"Samahani, dada. Mimi nakula kwa kuzipiga picha." Akanyanyuka, akampokea mfuko bila kuombwa. "Tunaupeleka wapi?"

Waliufikisha jikoni, na hapo ikajulikana kuwa ndiye kijana aliyeajiriwa na bosi wa mpishi kuuamsha ukurasa wa mkahawa mtandaoni, maana meza zilikuwa zinapigwa na upepo tu. Mpishi akambandika jina: Bwana Simu.

Video ya kwanza ilionyesha mikono ya mpishi ikikata vitunguu upesi, bila kisu kusita. Wiki tatu hazikuisha, wateja wakawa wanapanga foleni, na Bwana Simu akawa haondoki jikoni hata kazi ikiisha.

"Unatafuta nini tena? Chaja?"

"Nakutafuta wewe. Hii mikono ndiyo iliyoniponza."

Akaibusu, pamoja na kovu la mafuta lililotanda mkono wa kushoto kutoka gumba hadi karibu na kiwiko. Kovu lile halikuwahi kuguswa na mtu ila nesi. Mpishi, mwanamke wa kujikaza, alimpenda pale pale.

Wiki ya nne, akisubiri wali uive, alifungua ukurasa. Samaki ni wake, kikaango ni chake, lakini mikono iliyokuwa ikigeuza samaki ilikuwa na kucha nyekundu za keshia wa mkahawa. Akampigia Bwana Simu.

"Niambie, kipenzi."

"Mikono yangu imekwenda wapi?"

"Bosi alisoma maoni. Kuna watu waliuliza habari za kovu. Akasema litatufukuzia wateja."

"Na wewe ulisemaje?"

"Sikusema kitu."

"Basi endelea hivyo hivyo," akasema, akakata.

Siku tisa alipigiwa na hakupokea. Jikoni alimpita kama anapita nguzo. Iliuma sana, na kila alipotaka kulia alivuta bakuli la vitunguu ili asiulizwe.

Jumamosi bosi akaamua jiko lirushwe mubashara saa sita mchana. Keshia akavishwa aproni mpya, akashika kisu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Watu elfu mbili walikuwa wanatazama. Kitunguu kikamponyoka, kikabiringika hadi miguuni kwa mpishi.

"Mimi nakaa kaunta, jamani," keshia akasema. "Anayepika ni dada yule pale."

Bosi, mlangoni, akapunga mkono simu izimwe. Bwana Simu hakuizima. Wala hakuigeuza. Alimtazama mpishi.

"Siku ile nilinyamaza, nikakosea. Mikono waliyoipenda hawa ni yako. Nikugeuzie, au nizime? Useme wewe."

"Kibarua chako kitaota nyasi."

"Kiote."

Mpishi aliokota kitunguu, akakiosha, akakunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko.

"Geuza."

Akaigeuza simu, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Kisha akazunguka meza, akasimama ubavuni mwa mpishi, akachukua kisu cha pili na kuanza kukata naye, mapande manene yasiyolingana. Bosi aliona idadi ya watazamaji inapanda, akashusha mkono.

Keshia akawa anasoma maoni kwa sauti. "Huyu anauliza kovu ni la nini."

"La mafuta ya samaki mnaowapenda," mpishi akajibu, kisu hakikusimama.

"Na huyu anauliza, huyo kaka anayeharibu vitunguu ni nani?"

Mpishi alitazama mapande yale, akafuta macho kwa kiwiko.

"Huyo ni wangu," akasema. "Bado anajifunza."