Vichupa Saba vya Shanga

Kila asubuhi kabla ya kengele, dawati la tatu kutoka dirishani liligeuka soko. Wasichana wa darasa la sita walilizunguka, mikoba ingali mabegani, wakisubiri Binti Daktari afungue mkebe wake wa kalamu. Ndani mlikuwa na vichupa saba vya kioo, vidogo kama kidole gumba, kila kimoja kimejaa shanga za rangi yake. Alivipanga mstari mmoja juu ya dawati, vyekundu mwanzo, vyeusi mwisho, kisha akawagawia wenzake shanga kama mtu asiyejua kunyimwa.

Nyuma yake alikaa Sindano, ambaye kila asubuhi saa ile alijifanya anatafuta kifutio. Jina hilo alipewa kwa sababu mama yake alikuwa muuguzi. Baadaye wenzake waligundua kwamba linaufaa na ulimi wake, likaganda.

Sindano alimwonea wivu. Viatu vya Binti Daktari aliweza kuvimeza. Gari la baba yake alilimeza pia, kwa shida. Lakini vile vichupa vilimkwama kooni, maana vilitoka hospitali, na hospitali ile ile ndiko mama yake alikoshinda kutwa. Baba wa mwenzake alirudi na vichupa. Mama yake alirudi na miguu iliyovimba.

Jumatatu moja uvumilivu ulimwishia. Alitoa kichongeo chake kipya, akaomba wabadilishane na kichupa kimoja. Binti Daktari alimpa bure, tena chenye shanga za bluu zilizopendeza kuliko zote, na kichongeo akakikataa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angenyimwa, angalau angepata la kusema.

Jioni alimkuta mama yake ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Akakitua kichupa mezani na kuanza kulalamika: miaka kumi na miwili hospitalini, na hajawahi kumletea hata kifuniko. Baba wa mwenzake analeta kila mara. Mama alicheka, akamwambia hospitali ina zawadi tele, achague mwenyewe kati ya surua na tetekuwanga. Kisha akakigeuza kichupa, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, na kicheko kikakatika.

"Anavyo vingapi?"

"Vilikuwa saba. Kimoja ndicho hicho."

Mama akatoa miguu kwenye maji, akasahau hata kuikausha. Alimtuma akanawe mikono kwa sabuni, aliporudi akamrudisha akanawe tena, na shanga zikaishia kwenye pipa la taka. Hapo ndipo alipomweleza. Ile ilikuwa dawa ya maumivu makali, ya wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Ikipimwa vizuri ni msaada mkubwa, lakini anayejichoma bila haja huishia kuwa mtumwa wake. Ndiyo maana hukaa kwenye kabati lenye kufuli mbili. Kila inapotumika, daktari na muuguzi hutia sahihi wote wawili, na kichupa kitupu hurudishwa na kuhesabiwa. Hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kuvuka geti.

"Kumbe baba yake ni mwizi," Sindano alisema, na furaha ikamponyoka mdomoni.

Mama alikitazama tena kichupa. Alikuwa anakumbuka ni mara ngapi Daktari alimsogezea daftari mbiombio na kumwambia, "Sista, vitupu nimeshavirudisha, tia sahihi tu." Naye alitia, kwa kuwa alimheshimu, na kwa kuwa wodi ilikuwa na wagonjwa thelathini na wauguzi wawili. Akamkumbuka pia bibi wa kitanda cha nne, aliyelia kutwa nzima baada ya kupasuliwa, ilhali daftari lilisema amepewa dozi kamili. Alikuwa amemwambia bibi wa watu avumilie.

"Na sahihi yangu ipo pale," alisema taratibu. "Kesho naenda kwa mkuu wa hospitali. Huenda nikarudi sina kazi. Wewe funga mdomo, mwanangu. Kuna mtoto mwenzio ndani ya jambo hili."

Sindano aliahidi. Bahati mbaya, asubuhi yake mwalimu alitangaza kwamba hotuba ya Siku ya Afya itasomwa na Binti Daktari, na mgeni wa heshima atakuwa baba yake. Sindano alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba hiyo mbele ya kioo kwa wiki mbili. Ulimi ulimwasha. Ilipofika saa ya mapumziko, akamwona Binti Daktari peke yake bombani, akajishawishi kwamba kumwambia mwenyewe si kuvunja ahadi.

"Najua vichupa vyako vilikotoka," alisema. "Na baba yako hakuruhusiwa kukuletea."

Alisubiri machozi. Binti Daktari alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Hajawahi kuniletea. Navikuta nyumbani, nyuma ya tangi la choo. Ulimwonyesha mama yako?"

"Nilimwonyesha."

"Alisoma karatasi?"

"Alisoma."

Binti Daktari alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye ukingo wa saruji. "Miezi mitatu navipanga juu ya dawati. Walimu wanne wamepita, mmoja akaniomba shanga za njano. Nilidhani yupo mtu mzima atakayesoma."

Akaeleza yaliyobaki akitazama viatu vyake, vile vile vilivyokuwa vikimnyima Sindano raha. Baba yake akifika nyumbani hujifungia. Akitoka, husinzia sahani ikiwa mbele yake. Mikono humtetemeka, na aliyeuliza hufokewa. Mara mbili alisahau kuja kumchukua shuleni. Siku hizo Binti Daktari alirudi kwa miguu akimfikiria Sindano, ambaye mama yake hufika amechoka hoi na bado humwuliza kama amekula.

"Nilikuwa nakuonea wivu," alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu Sindano apewe jina lile, ulimi wake haukuchoma. Akamshika mkono.

Vichupa sita vilivyobaki Binti Daktari mwenyewe alimkabidhi mama yake Sindano, vikiwa na shanga zake. Daktari alikana siku nzima, mpaka mkuu wa hospitali alipovipanga mbele yake na kumwambia vimetoka kwenye mkebe wa nani. Hapo akalia. Alisema alianza miaka miwili nyuma, alipoumia mgongo. Alijichoma mara moja ili amalize zamu, akiamini daktari hawezi kushindwa kuacha. Aliondolewa wodini akaanza matibabu, safari hii yeye ndiye mgonjwa. Kurudi kazini kungesubiri mpaka apone na wakubwa wake waridhike. Mama alipewa barua ya onyo kwa sahihi zake, akaipokea bila kubisha. Jioni ile alikwenda kwa bibi wa kitanda cha nne kumwomba radhi.

Siku ya Afya ilipofika, mgeni wa heshima alikuwa mama yake Sindano, na Binti Daktari alisoma hotuba bila kukwama. Sindano aliketi mstari wa mbele akiyafuata maneno kimyakimya. Wivu haukuwa umehama wote, lakini alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Walirudi nyumbani watatu, mama na wasichana wawili. Njiani Binti Daktari aliuliza, "Mama, baba anazijua dawa zote. Ilikuwaje?"

"Baba yako anaijua dawa, mwanangu, lakini mwili wake haujui kwamba yeye ni daktari. Unazoea kama mwili wa mtu yeyote. Aliumwa akaona haya kusema, na sisi wa karibu tukaona haya kuuliza. Mimi nilitia sahihi nisichokiona, nikaita heshima. Haikuwa heshima. Mkimwona mtu anapotea, mwambieni anayeweza kusaidia, msimwambie anayetaka kucheka."

"Na mimi je?" Sindano aliuliza, akijua hatapona.

"Wewe wivu ulikukazia macho kwenye vichupa, ukamruka mwenye kuvishika. Siku nyingine anza na mtu."

Kisha mama akawageukia wote wawili, akawauliza kama wamekula.