Usishuke Kalinzi

Soko la Mwanga lilikuwa limefurika siku Elinipa alipomgonga Haruna mgongoni kwa tairi la mbele. Ulikuwa mwaka 2015, Warundi wakishushwa kwa meli kila kukicha, na hakuna aliyetembea taratibu mjini Kigoma.

"Dada, hiyo baiskeli au swala?" Haruna aliuliza akijipangusa vumbi.

"Ya mashindano. Unaogelea, unaendesha, halafu unakimbia. Nisamehe, kaka."

Elinipa alikuwa muuguzi kutoka Same, siku hiyo amevaa tisheti ya njano na kilemba cha kitenge. Baiskeli aliachiwa na daktari mgeni aliyerudi kwao. Haruna, fundi baiskeli wa Ujiji, aliizunguka akiichungulia.

"Usukani uko juu, upepo wote unakuishia kifuani. Hizi pete zilizo chini yake nitazihamishia juu, mbele itashuka. Lakini moja moja, mgongo uzoee."

Wakaanza hivyo. Kila Elinipa alipopeleka baiskeli Ujiji alikaa mpaka jua linapotua, wakila migebuka ya kukaanga.

"Utaimaliza lini, mpenzi?"

"Nikiimaliza utakuja kwangu kwa kisingizio gani?"

Alhamisi moja Elinipa alikuwa uwanjani, walikohifadhiwa wakimbizi, akiwanywesha watoto maji ya chumvi na sukari. Akamwona Haruna. Amebeba mtoto begani, na mwanamke aliyevaa kanga iliyopauka analia kifuani pake. "Musaza wanje," mwanamke alirudia kwa Kirundi. "Musaza wanje."

Mzazi wangu, yaani baba wa mtoto wangu. Elinipa alisikia hivyo. Hakuuliza mtu.

Kesho yake, Haruna akiwa msikitini, Elinipa alifika karakana akamkuta Bi Mwamini, shangazi yake Haruna. "Shikamoo, shangazi. Naichukua baiskeli yangu." Pete ya mwisho ilikwisha kuhamishwa; kwa macho, kazi ilikuwa imekamilika. Akapanda nayo barabara ya Kalinzi, akitaka mlima umchoshe hata asiwaze.

Haruna aliporudi, Bi Mwamini alimwambia baiskeli imechukuliwa, imeelekea Kalinzi. Nati zinazobana usukani alikuwa amezizungusha kwa vidole tu.

Alipiga simu, ikakatwa. Akapiga tena. Akamsimamisha bodaboda mmoja, Bonifasi, na walipoianza miinuko akaomba simu yake.

"Haloo, nani?"

"Elinipa, usikate. Uko wapi?"

"Juu. Nageuza, nashuka."

"Usishuke. Usukani haujakazwa."

"Leo ndiyo unanionea huruma? Kamwonee mama mtoto wako."

"Mama mtoto gani?"

"Nilikuwa uwanjani, Haruna. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mzazi wangu, mzazi wangu."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Musaza ni kaka," alisema Haruna. "Agnesi ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Mama yangu alivuka ziwa akikimbia kutoka Burundi, kabla sijazaliwa. Nilikwambia sisi ni wa Ujiji tangu enzi kwa sababu niliogopa utaniona mtu wa kupita. Unikasirikie kwa hilo. Lakini kwanza shuka kwenye hiyo baiskeli, libane tairi kwa magoti, uzungushe usukani."

Haruna aliibana simu sikioni mpaka likauma.

Juu kule Elinipa alizungusha. Usukani ukageuka, tairi halikugeuka. Mbele yake barabara iliporomoka kona baada ya kona, lori likishuka kwa gia nzito.

Akaketi kwenye nyasi. "Njoo," alisema.

Walimkuta palepale nyasini. Haruna alitoa spana, akakaza kwanza nati ya juu mpaka mtikisiko ukaisha, akanyoosha usukani, ndipo akakaza nati za pembeni.

"Ningekufa nikikuchukia," Elinipa alisema.

"Ungekufa kwa mkono wangu."

Bonifasi alijifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake.

"Agnesi anapelekwa kambini lini?"

"Kesho asubuhi, kwa basi."

"Mtoto wake ana homa, niliona. Nitakuja na dawa." Elinipa akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Utamwambia mimi ni nani?"

"Wifi yake. Ukikubali."

"Baba yangu ni mzee wa kanisa, Haruna. Hatakupokea kwa vigelegele."

"Nitakwenda Same hivyo hivyo."

Elinipa alisimama, akampa mkono amwinue. "Basi nifundishe kusema wifi kwa Kirundi," alisema, "nisije nikakosea tena."